Uso wa Mama kwenye Mninga

Katindiuka, Ifakara

Baba,

Shikamoo. Marahaba haitakuja, najua, lakini nisipokuamkia Mama atasema nimekosa adabu kwa vile haupo. Habari za huko sikuulizi. Nimekuletea za hapa, na iliyo kubwa kuliko zote inahusu lile neno ulilolingoja kwa Mama mpaka ukaingia kaburini. Subiri, nitafika. Si wewe uliyekuwa ukinifokea kila siku kwamba nakimbilia uso kabla sijamaliza mabega?

Naanza na msalaba wako. Nimeuchonga mwenyewe, wa mninga, mchwa watafute kwingine. Shangazi Anjela alitaka maneno mengi, sijui "ulale pema", sijui "pengo lako halizibiki". Nikakataa. Nimeweka jina lako, na chini yake nimechonga patasi ndogo. Padri aliitazama, akatabasamu, akaimwagia maji ya baraka. Shangazi akanuna, halafu njaa ikamnyoosha.

Banda letu lipo, ila si lile uliloliacha. Hukuziona mvua za elinino, Baba, na namshukuru Mungu kwa hilo tu katika kifo chako. Mto ulikuja mpaka mashamba ya mpunga yakawa ziwa, na maji yakaingia bandani bila hodi yakapanda mpaka usawa wa meza. Tulihamia kwa Shangazi, kule kwenye mwinuko. Tuliporudi nikakimbilia lile sanduku lako la bati chini ya meza. Nilipolifungua, michoro yako yote ilikuwa uji. Mikono ya Mama uliyoichora, mgongo wa Mama akipepeta, ng'ombe wa rafiki yako Masanja, mimi nikiwa sina meno ya mbele, yote uji mweusi wa mkaa. Na karatasi ulizochapa nazo zimeshikana kama chapati zilizolala. Kaburini nililia kwa sababu watu walikuwa wakilia. Pale bandani nililia peke yangu mpaka nikatapika.

Katika picha zako nilichookoa ni kibao kimoja tu cha kuchapia, na nakishukuru kile choyo chako. Wewe na vibao! Ukishachapa karatasi zako unakiranda kibao, unachonga picha nyingine juu yake, mpaka kinabaki chembamba kama biskuti. Ungekuwa mkarimu kidogo tungekuwa na vibao banda zima. Lakini cha mwisho hukuwahi kukiranda. Nilikuwa nimekipandisha darini juu ya jiko la Mama, moshi ukizuie kuliwa na dudu, kama ulivyonifundisha, na maji hayakufika huko. Ndicho kile cha uso wa Mama.

Unakumbuka ilivyokuwa? Kila mwaka mpunga ukianza kukomaa, Mama na wenzake wakitwanga pepeta ya kwanza, ule mpunga mchanga wa kukaangwa, wewe unaacha kazi zote. Misalaba ya watu inangoja, kadi za Noeli zinangoja, wewe umeketi kwenye kigoda na mkaa wako wa vijiti vya mpera ulioufukiza ndani ya kopo la maziwa, unamchora Mama. Yeye anatwanga anakusema, "Wanaume wenzio wako shambani." Unacheka. Ukimaliza unailaza karatasi kifudifudi juu ya kibao, unaisugua kwa kiganja, mkaa unahamia kwenye mti, uso unakaa kinyume, kushoto kuwa kulia. Unauchonga vilevile kinyume. Kisha wino, kisha karatasi mpya, kisha unaingia jikoni kuiba mwiko wa Mama wa wali ili usugulie mgongo wa karatasi. Ukiibandua, uso umerudi sawa. Mimi nilikuwa nadhani ni uchawi. Nikiwa mdogo niliwaambia watoto wa jirani kwamba baba yangu ana mwiko unaogeuza watu, wakaogopa kula wali kwetu.

Ndipo unamwita. "Mama Rozina, njoo uone." Anakuja na pumba za mpunga mpaka kwenye nyusi, anasimama, anatazama kwa jicho la pembeni, na kila mwaka ni wimbo uleule: "Huyo si mimi. Huyo ni dada Felista." Sisi wote tunaona ni yeye mtupu! Lile kovu juu ya jicho la kushoto, pale mchi wa huyohuyo dada yake Felista ulipomponyoka wakitwanga kwa kupokezana. Jicho moja dogo kuliko lenzake. Mdomo uliopinda kidogo kama mtu aliyezuia kicheko. Lakini Mama ng'o. Nawe unajibu, "Haya. Mwakani tena," unachukua randa.

Mwanzoni nilidhani mnataniana. Baadaye Masanja alipoleta lile gogo la mninga kwa mkokoteni wake wa ng'ombe kutoka upande wa Mkula, nikajua kwamba moyoni mwako si utani. Ulimtoa Mama mzima humo, amesimama, mchi ameunyanyua, khanga imebana kiunoni, hata visigino vyake vyenye nyufa. Ila uso uliuacha laini kama yai. Watu wakiuliza unasema, "Uso hauchongwi mpaka mwenye uso akubali." Mapadri walikuuliza, wanunuzi walikuuliza. Neno lako likawa hilohilo, na mwanamke wa mninga akakaa pembeni ya banda miaka nenda rudi, hana macho. Nilikuwa namtundikia aproni yangu.

Mwaka wa mwisho ulimchora ukiwa umeketi kwenye mkeka, kifua kimeshakubana. Mkono ulikuwa unatetemeka, ukaniambia nikushikie kibao. Mwiko nilikuibia mimi. Ukamwita, akaja, akatazama. Akasema tena, polepole safari hii, "Si mimi, baba Rozina. Ni Felista." Ulicheka mpaka ukakohoa, na kukohoa kule kukawa ndiyo safari yenyewe.

Sikujua kama jambo hilo lilimkaa moyoni. Siku ya tatu ya msiba, wanawake wamelala chini wote, nikamkuta ameketi ameegemea ukuta. Akaniambia, "Ningesema ndiyo, ningepungukiwa nini?" Kisha akakasirika, unamjua, akasema, "Lakini sikuwa mimi! Nimwongopee mume wangu?" Akafunga khanga ya msiba kichwani, akaishusha mpaka kwenye nyusi, na hivyo ndivyo alivyokaa mwaka mzima. Hata kile kioo chake cha fremu nyekundu kilichopasuka pembeni alikigeuzia ukutani.

Tulipoanza kujiandaa kuanua tanga, akaniita. "Mmalizie baba yako kazi yake. Sitaki wageni wakute mtu hana uso." Nikamwambia basi njoo ukae nikuchore. Akasema, "Sikai. Nilimkalia yeye." Basi, kesi imekwisha, nani anabishana na Mama?

Nikashusha kibao. Ningeweza kukichapa kwanza, ndiyo, lakini wino kwenye kopo ulikuwa umeganda kama lami, na nitasema kweli, sikutaka karatasi. Nilitaka kugusa. Nilikuwa napitisha kidole gumba kwenye mikato yako, pale kisu kilipoingia kwa nguvu na pale kilipoteleza kwa sababu ya kutetemeka, halafu nahamishia kidole kilekile kwenye mninga, nachukua patasi. Baba, zile siku nilikuwa na wewe. Nilikuwa nakusikia ukinung'unika, "Taratibu, taratibu, mti hauna haraka." Nilipomaliza nikapaka nta, nikamfunika kwa khanga mpya.

Siku ya tanga watu walijaa. Misa ikasomwa palepale uani, wali ukapikwa, samaki mbasa wa kukaangwa, togwa. Masanja alikuja na familia yake nzima na ndama wa kuchinja, anasema wewe ulikuwa ndugu yake wa gogo. Shangazi Anjela akajipa kazi ya kufunua. Akaivuta khanga kwa mbwembwe, akarudi nyuma hatua moja, akapiga kelele: "Yesu na Maria! Rozina, kovu limehama!"

Nikasogea nikatazama. Kovu juu ya jicho la kulia. Jicho dogo upande usio wake. Mdomo umepindia kwingine. Nilikuwa nimechonga kama kibao kilivyo, Baba, kinyume! Mtoto wa fundi, niliyekua nikitazama karatasi zikibanduliwa. Ila sisi wa vibao ndivyo tulivyo, tumezoea kuona watu kinyume mpaka kinyume kwetu ndiyo sawa. Na Mama mwenyewe alikuwa na khanga mpaka nyusini mwaka mzima, kovu lake sikuwa nimeliona tangu uondoke.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Masanja, maskini, akanitetea: "Labda kamchonga akiwa amegeuka." Ndiyo kwanza wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Nilikuwa naona nimekuharibia kazi ya maisha yako mbele ya watu uliowachongea misalaba ya wazazi wao. Nikaingia bandani, nikatoka na patasi pana na nyundo. Nikasema ninaufuta, bora abaki yai.

Mama akatoka jikoni kuona kelele ni za nini. Ilikuwa siku ya kuvua msiba, kwa hiyo khanga alikuwa ameshaitoa, kichwa kiko wazi, mvi tupu. Akasimama mbele ya mninga. Kicheko kikafa chenyewe. Akagusa paji lake, akagusa la mti. Akageuka akarudi ndani, nikadhani amekwenda kulia. Akarudi na kioo chake cha fremu nyekundu. Akakiweka sawa na uso wa mti, akawa anatazama kioo, anatazama mti, anatazama kioo.

"Ndiye huyu," akasema. "Huyu ndiye mimi. Rozina, weka patasi chini."

Umesikia, Baba? Amesema! Mbele ya Shangazi, mbele ya padri, mbele ya Masanja na wakeze. Ndiye mimi! Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja, maana neno lile lilikuwa lako, na wewe ulikuwa wapi? Ningekupa nilichonacho chote ungekuwepo uani kwa dakika ile tu. Miaka yote ile sisi wawili, mabingwa wa kugeuza, hakuna aliyekumbuka kwamba mtu mwenyewe hajawahi kujiona ila kwenye kioo, nacho hugeuza kama kibao. Alikuwa hakutanii, Baba. Kweli hakuwa anamjua yule mwanamke.

Watu walipoondoka nilimkuta ameketi miguuni pa mninga. Akaniuliza, "Sasa yeye alikuwa anamwona nani?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Asubuhi nikaulainisha ule wino kwa mafuta ya taa. Uliisha wote kwa karatasi moja. Mama mwenyewe akaniletea mwiko, hakuna aliyeuiba. Nilisugua, nikabandua, nikamkabidhi ikiwa mbichi. Aliishika kwa ncha za vidole. Alikaa nayo mpaka jua likafika mlangoni. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsikia dada Felista akitajwa. Akasema, "Kumbe alikuwa ananiona hivi." Kisha akasema, "Nilikuwa mzuri, eti?" Nikamwambia ndiyo, Mama. Akaniambia nisimdanganye, halafu akalia, na nilipotaka kumfuta machozi akanisukuma kwa kiwiko nisiharibu karatasi.

Sasa ipo ukutani, ubavuni mwa kioo. Asubuhi anachana nywele kwenye kioo, halafu anasogea hatua moja anaitazama karatasi. Jana nilimsikia akiiambia, "Umeamkaje, mke wa fundi?" Nikarudi nyuma kimyakimya, sikutaka ajue nimesikia.

Baba, nimekuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyelingoja, na haikuwa haki sisi wengine tulisikie halafu tunyamaze. Kovu nimeliacha liliko. Kibao nimekirudisha darini na sitakiranda, choyo chako hicho sikurithi. Lala, mzee wangu. Mikono yako ipumzike, mti hauna haraka.

Na mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Vijiti vya mpera nimeshavifukiza kwenye kopo lako. Wakianza kutwanga pepeta ya kwanza nitaketi kwenye kigoda chako nimchore, nitachonga, nitachapa, nitamwita aje aone. Najua atakachosema. Nami nitamjibu, haya, mwakani tena.

Mwanao,
Rozina