Salamu za Mama Zilizopokewa na Mpangaji

Zwolle, Ijumaa

Dada Nerys,

Mimi mzima, na kitambi changu kinaendelea vizuri kuliko darasa langu la Kiingereza. Huku Uholanzi, mama akiongeza mwaka, mwanawe naye hupewa mkono wa hongera. Kwa hiyo jana, Mama alipotimiza themanini, nilipeleka keki darasani, na wanafunzi wangu, watu wazima wote, wakapanga foleni: "Hongera kwa mama yako, Mwalimu!"

Bi Hennie, mwokaji mstaafu, akasema, "Mpigie, tumwimbie."

Nikamjibu kwamba Mama hasikii tena simuni, kama ulivyonieleza wewe.

"Basi tutapaza sauti! Au unaogopa atasikia Kiingereza ulichotufundisha?"

Nikapiga nyumbani kwa Mama. Simu ilipopokelewa wakaimba kwa sauti ya kuezua paa. Walipomaliza, mwanamke nisiyemjua akajibu, "Ahsanteni, wapenzi. Lakini yule bibi alihamishiwa makao ya wazee tangu Mei. Sisi ndio wapangaji."

Bi Hennie akanikatia kipande kingine cha keki, na mimi, nisiyekataa keki, nikakirudisha sahanini.

Tangu Mei, Nerys! Umeniandikia habari za paka wako na mvua ya Wales, na salamu zangu ukasema unazifikisha. Mama akiuliza mbona simpigii, ulikuwa unamjibu nini?

Usiniambie hukutaka kunitia wasiwasi. Jumamosi ijayo nakuja. Usinipikie. Nipe jina la hayo makao, na siku hiyo usiwepo. Nataka nimsikie Mama kabla sijakusikia wewe.

Mdogo wako, kwa hasira,
Emrys