Msomaji Niliyemwandika Ni Wewe

Mpui, Jumapili jioni

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaiweka kalamu chini, kama nilivyokuwa nikingoja mlangoni mpaka uitikie.

Muhula wa kwanza wa stashahada ya ukutubi umekwisha, nimerudi likizo. Niliposhuka kwenye basi upepo ulikuwa ule ule wa kukata masikio, na baada ya joto la chuoni niliufurahia. Kisha nikakumbuka kwamba hutakuwa jikoni. Shangazi Skola amehamia chumbani kwako. Baba mdogo amelima mahindi shamba zima. Mwaka huu hatuna ulezi. Ugali ni mweupe siku zote, Bibi. Nakula tu.

Tulikuzika kabla chuo hakijafunguliwa, hukukiona hata kwenye picha. Tunafundishwa kuvipa vitabu namba na kuvipanga rafuni, na kazi hiyo naipenda, unanijua. Shida yangu ni kusoma kimya. Nimezoea kukusomea wewe, midomo inacheza yenyewe. Wenzangu wananiita Redio. "Redio, punguza sauti!" Nacheka nao, halafu nainama.

Mwisho wa muhula mwalimu alitutaka tueleze habari za msomaji mmoja tunayemfahamu vizuri. Nilikuandika wewe. Niliandika jinsi ulivyopepeta ulezi huku nikisoma, na ulivyonikatiza: "Rudia hapo, moshi umeniziba masikio." Palipokuwa pagumu ulisema, "Hapo niambie kwa Kifipa." Niliandika ulivyomgombeza mwandishi: "Huyu hajawahi kuposa! Binti gani anakubali siku hiyo hiyo?" Na kwamba sikuhitaji kukunja ukurasa, maana kesho yake ulianza wewe: "Tuliishia pale mjane alipouza ng'ombe."

Mwalimu aliirudisha kazi yangu. Aliandika chini kwamba mtu huyu hajui kusoma, ni msikilizaji. Nitafute msomaji, niandike upya, nilete chuo kikifunguliwa.

Shangazi akaniambia, "We msomi, mwandike katekista, anasoma kila Jumapili, yaishe." Nilijaribu kweli. Nilikwenda kwa katekista nikamuuliza maswali, akanijibu kwa upole. Jana niliandika nusu ukurasa juu yake, nikashindwa. Hana kosa lolote. Lakini kila nilipoishika kalamu niliona kama nakuinua kwenye kigoda chako, namkalisha mtu mwingine.

Mchana huu nimesoma kwa sauti jikoni, peke yangu. Hakuna aliyenikatiza. Nimemaliza sura nzima haraka mno. Sisi wawili hatukuwahi kumaliza sura kwa jioni moja.

Basi, nimeamua. Nitaipeleka kazi ile ile, jina lako juu, na nitaongeza sababu zangu: kitabu ulikichagua, ulikikumbuka, ulibishana nacho. Akininyima alama, nitazifidia kwenye kazi nyingine. Naogopa kidogo, sikufichi. Ni mwalimu mkali. Lakini hilo la msomaji sitalibadilisha.

Likizo imekwisha; kesho asubuhi napanda basi la Sumbawanga, kisha safari ndefu ya kurudi chuoni. Lala salama, Bibi yangu. Nakuahidi jambo moja: siku nitakayopewa maktaba, hata iwe ya chumba kimoja huko Namanyere, mtu akiingia sitamuuliza kama anajua kusoma. Nitamuuliza anataka tuanze na kitabu gani.

Mjukuu wako,
Restituta