Gari la Chuma na Pilau la Tanga

Mjukuu wangu Idi,

Huku mtaani Bellevue tu wazima; dada yako ndiye anayeniandikia barua hii. Lakini umenishtua, baba. Timu yenu huko Indonesia inapelekwa uwanjani ndani ya gari la chuma la polisi, kwa kuogopa mashabiki wa wenyeji? Eish, mpira huo au vita? Unaniuliza kama urudi.

Zamani Tanga niliipikia timu yetu. Siku moja wachezaji wa timu ngeni waliruka ukuta wa uwanja kukwepa uchawi waliodhani tumeuweka getini, na pilau langu wakalikataa wakihofia limetiwa kitu. Kipa wao tu ndiye aliyesema, "Dada, ukila wewe, nami nala." Tukala sahani moja. Nilishtuka alivyokuwa na njaa.

Mtafute mwenyeji mmoja, mle pamoja. Ukimkosa kabisa, rudi. Nitakupikia, na nitaonja mimi kwanza.

Bibi yako, mwenye hofu na mapenzi tele