Flipa ya Papa Haiendi Kibenga

Mpendwa yaya Hamisi, kaka yangu mkubwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa na Rukia mgongoni na mkono mmoja kwenye unga wa chapati. Ulisema: “Asha, huyu bwana wa hoteli ya Kibenga akikuja, mupe ile flipa ya Papa. Tugawane pesa, tumalize.” Nikakujibu “nimesikia”, basi. Kusikia si kukubali, yaya. Leo mtoto amelala na baba yake yuko kwenye foleni ya mafuta, nimepata nafasi ya kukujibu vizuri. Ninaandika wazi, ili wasome na wale wote waliocheza uani kwetu hapa Buyenzi, maana kila siku wananiuliza kama ni kweli inauzwa.

Unakumbuka ilivyokuja? Kulikuwa na baa mtaani Bwiza iliyokuwa inafungwa, na Papa, baba yetu, akaiona ile flipa, mashine ya mchezo wa goroli, imetupwa nyuma, imekufa kabisa, kioo kimejaa vumbi. Akaileta na mkokoteni. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Baba Hamisi, nilikutuma mchele. Unaniletea jeneza la kioo?”

“Ngoja, mama watoto. Hili jeneza litaimba.”

Akitoka gereji jioni, alikuwa anajilaza chini yake kama vile yuko chini ya lori, tunaona miguu tu. Wewe ulikuwa unampa spana, mimi ninashika tochi. Alisokota upya waya wa shaba mpaka vidole vikachanika. Yale mabawa mawili ya kupigia goroli aliyavalisha mpira wa tairi la baiskeli. Goroli ya kuchezea aliitoa kwenye beringi iliyokufa. Na siku ilipowaka, goroli ikagonga vile vichwa vya duara tulivyoviita uyoga, ikalia kengele mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, anacheka bila kutaka tumwone.

Kitu kimoja tu kilimshinda Papa. Flipa iliyo nzima ina kifaa ndani kinachozima mchezo mtu akiitikisa. Chetu kilikuwa kimevunjika na hakupata kingine mji mzima. Ndipo akachukua glasi ya Mama, akaijaza chai ya rangi hadi ukingoni, akaiweka juu ya mashine, sahani chini yake ili chai isifikie umeme. Akasema: “Atakayemwaga, zamu yake imekwisha. Na chai ya watu wote anapika yeye.”

Hivyo ndivyo ligi yetu ilivyoanza. Jumapili, baada ya alasiri, wanakuja watu wa Bwiza, wa Kinama, hata wachuuzi wa Gatumba wakiwa na mizigo yao. Mimi nilikuwa mfupi, ukanipandisha juu ya kreti. Nikaanza kuipiga mashine kwa viganja, ukanishika mikono. “We Asha, hii si punda. Usiisukume. Iombe.” Mpaka leo nikibonyeza vile vitufe vya pembeni ninakusikia.

Na ile fainali na Bwiza! Nahodha wao alikuwa Dieudonné, yule kinyozi mwenye maneno mengi. Akaja na glasi yake ya bia, akaiweka juu ya mashine kama mwenye nyumba.

“Mzee, sheria yenu inasema glasi ijae. Haisemi ijae nini.”

Papa aliitazama ile glasi kama anavyotazama injini ya mtu mwongo. “Bia iko na povu, kijana. Povu likishuka, nafasi inabaki. Hii ni glasi ya mwizi.”

Ua mzima ukacheka. Dieudonné hakukubali. “Na nyinyi? Chai yenu munatia sukari mpaka inakuwa uji, itamwagika aje?”

Papa akaionja. Akamwita Mama alete nyingine isiyo na sukari. Tangu siku ile chai ya mashindano haitiwi sukari, na mtu akiuliza kwa nini, tunamwambia akamuulize kinyozi.

Goroli yako ya mwisho ninaiona bado. Ilikuwa inashuka katikati kabisa, pale mabawa hayafiki. Mtu wa Bwiza angeisukuma mashine kwa kifua. Wewe uliigusa kwa nyonga tu, kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Chai ikapanda. Ikavimba ukingoni. Watu wote walikuwa wanatazama glasi, hakuna aliyetazama mchezo. Ikakaa. Na goroli ikawa imegusa ncha ya bawa la kushoto, ikarudi juu kwenye uyoga, kengele zikalia hadi zikachoka. Dieudonné ndiye aliyekubeba. “Huyu si mutu, huyu ni jini ya Buyenzi!” Papa alikuwekea mkono kichwani, akauacha pale muda mrefu.

Ninajua ni mkono huo unaokusumbua, yaya. Kwenye ujumbe wako ulisema kila ukiona picha ya flipa unamwona Papa. Tulipomzika uliondoka upesi, hata matanga hukumaliza, na mimi sikukulaumu na leo sikulaumu. Unadhani ikitoka uani, moyo utapoa. Labda. Lakini sikiliza kilichotokea.

Yule bwana wa Kibenga alikuja Ijumaa. Mtu mzuri, ana adabu, alivua viatu mlangoni. Akaizunguka flipa, akapiga picha. Nikamuuliza itakaa wapi.

“Karibu na piscine, pale pa kuogelea, mama. Wageni watapenda sana.”

“Watacheza?”

“Apana, apana. Ni ya mapambo tu. Vile vyuma vya ndani tutavitoa, tutatia taa nzuri.”

Nilimkaribisha chai, nikamwambia nitamjibu. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya ndoo, nikalia kidogo. Ule waya aliousokota mpaka akavuja damu, wautoe watie taa!

Wewe hujaona ligi ya sasa. Hakuna anayekusimulia, na mimi nachoka, nikishika simu nalala nayo usoni. Sasa wanaocheza wengi ni wanawake. Walianza kwa kunisubiri nimalize chapati zangu, wakajaribu, wakanogewa. Mama Espérance anatoka Buterere kwa miguu, maji ya mafuriko yalipomtoa kwenye nyumba yake alikuja Jumapili ile ile, nguo za kuazima, akacheza. Aliniambia hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemwita amletee kitu. Na mimi vilevile. Tangu alfajiri ninaitwa mama, mama, mama. Nikisimama mbele ya flipa ninaitwa Asha. Ninacheza na Rukia mgongoni. Akirusha mguu, chai inamwagika, na wenzangu wanapiga vigelegele: “Mutoto ameshamupikisha mama yake chai!” Tumebishana kama teke la mtoto ni kosa la mchezaji. Nilisema ni kosa. Papa angesema hivyo.

Basi jibu langu ni hili, na silibadilishi. Flipa haiuzwi. Yule bwana nimeshampigia, nimemshukuru, ameelewa. Nusu yako sijaila, iko palepale na nusu yangu, na hazitengani, maana bawa la kushoto peke yake halichezi. Ukitaka kuniita mkaidi, niite. Ukitaka kumpigia Mama unishitaki, mpigie, atafurahi kusikia sauti yako, hata kwa sababu hiyo.

Nimechoka, yaya. Sina nguvu ya kugombana na wewe kwa simu, sauti zinakatika na mtoto analia. Kama umekasirika, panda basi uje. Nitakupikia ugali na visamaki vya ndagala vya kukaanga vile unavyopenda, ule, unawe mikono, halafu ukae mbele yangu unikasirikie mpaka uchoke.

Mdogo wako anayekungoja,
Asha, mama Rukia