Baluni Hamsini na Mikono ya Atieno

Jumamosi jioni. Mawingu yalijikusanya juu ya ziwa tangu saa tisa, kisha yakaghairi. Mashavu yananiuma hadi chai nainywa kwa kijiko.

Niandike ukweli leo, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Miaka minne najiita mpambaji wa sherehe, na mpaka sasa sijui kufunga baluni.

Mimi hupuliza. Dada yangu Atieno hufunga. Kazi aliianzisha yeye. Mimi aliniita pumu ilipomkataza kupuliza. Tunakaa magoti yakigusana, namkabidhi baluni, anaifunga kabla sijavuta pumzi nyingine. Pampu tuliwahi kununua ikaharibika, wala hatukuililia.

Halafu mwezi uliopita, kwenye harusi moja, mgeni aliyevaa vizuri aliniuliza yule anayefunga baluni ni nani. Nikasema ni mtu wa kunisaidia tu.

Atieno alikuwa nyuma yangu.

Alifunga zilizobaki, akakunja mkeka, akaenda kwake Obunga. Tangu hapo hakushika simu yangu, na mimi kwa kiburi niliacha kupiga siku ya tatu.

Leo nilikuwa na baluni hamsini huko Dunga, mtoto wa Mama Tabitha anatimiza mwaka. Nilijiambia fundo ni fundo tu, litanishinda vipi? Ya kwanza ilinitoka mkononi, ikazunguka sebule nzima ikitoa sauti ya aibu, ikatua kwenye sufuria ya samaki. Ya pili ilinirudishia mate yangu usoni. Kufikia saa nne nilikuwa nimefunga sita, tatu kati yake zimeshaanza kulegea, na wageni wanaingia saa nane. Mama Tabitha alipita mara mbili akaangalia, akawa na adabu ya kutouliza.

Nilitoka nje nikampigia Atieno. Akashika. Maneno ya kuomba msamaha nilikuwa nimeyapanga vizuri, lakini kilichonitoka ni nyumba niliyomo huku Dunga, na kwamba nimeshindwa kufunga. Akakata simu.

Nililia kidogo. Sioni haya kuandika.

Nusu saa baadaye pikipiki ikasimama mlangoni. Atieno akaingia, akavua viatu, akaketi mbele yangu na kunyoosha mkono.

"Leta. Na usijaze sana, leo jua ni kali, zitapasuka."

Tulikuwa tumefika ya thelathini hivi Mama Tabitha alipouliza, huyu naye ni nani.

"Huyu ndiye mwenye kazi," nikasema. "Mimi napuliza tu."

Atieno hakuinua macho. Ila baluni aliyoshika ilimchukua muda mrefu kuifunga, yeye ambaye hufunga akiwa anaangalia pembeni.

Neno samahani bado sijalitamka. Kesho baada ya kanisa nitaenda Obunga nilitamke, hata kama atanikatiza tena.

Nilifikiria pia nimwombe anifundishe kufunga. Hilo nimeliacha. Wacha nibaki sijui.