Jina Nililompa Mama Mkwe Mlangoni

Kasongo, Alhamisi, Mfunguo Nne, mwaka 1303

Mvua imeanza adhuhuri na bado haijachoka. Nimekaa barazani, karatasi juu ya goti, na wino unakataa kukauka. Karatasi yenyewe ilikuwa ya barua ya bwana wangu kwenda Ujiji. Kila siku naandika mambo ya watu. Leo naandika yangu, na sijui hata nianzie wapi.

Nimesema uongo. Haya, nianzie hapo.

Au labda sikusema uongo. Hapo ndipo kichwa kinaponiuma.

Mwanangu ana siku sita. Kesho ni ya saba. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, na mwalimu atakuja kumnyoa mtoto nywele na kuniuliza jina. Mwalimu anataka jina la kitabuni, na hilo halikunisumbua. Nilikwisha chagua Yusufu, maana naye, kama mimi, aliuzwa akiwa mdogo. Kilichonitoa jasho ni kwamba tangu juzi mtoto amekataa ziwa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Jana hakulia sana, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Mama mkwe amekuja kwa miguu kutoka Kabambare, kuku kwapani. Yeye ni Mubangubangu kwa kabila, na kwao mtoto akikataa ziwa hawaanzi na dawa. Wanaanza na jina. Wanasema yuko marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa tena, na mtoto hatanyonya mpaka huyo aitwe. Basi mama humweka kifuani, na bibi hutaja wafu mmoja mmoja. Mtoto akikamata ziwa, jina limepatikana. Jina la mtu aliye hai halitajwi kamwe. Wanasema ni sawa na kumzika mtu huku anatembea.

Asubuhi nilikaa nje, mgongo ukutani, maana mkwe haingii chumba alichomo mama mkwe. Nikamsikia akiita wafu wa upande wao: mababu, mashangazi, hata mjomba mmoja aliyeliwa na chui. Mtoto akawakataa wote, chui na mjomba wake.

Kisha sauti yake ikaja mlangoni. "Baba, wa kwetu wamekwisha. Sasa wa kwenu. Taja."

Wa kwetu?

Mimi naitwa Farajala. Maana yake faraja ya Mungu. Jina zuri, watu hulisifu. Nilipewa siku nilipofikishwa hapa Kasongo, nikiwa kitoto cha miaka mitano au sita, kwa sababu siku ileile bwana aliletewa habari kwamba msafara wake uliodhaniwa umepotea umeonekana. Faraja ilikuwa yake. Mimi nilibandikwa tu. Humu nyumbani tuna Juma watatu, na kwa watu wa pwani Juma ni aliyezaliwa Ijumaa. Hawa wetu waliletwa Ijumaa. Walizaliwa lini, Mungu ndiye ajuaye.

Na jina hili sijalizoea mpaka leo. Bwana akiniita, naitika mara ya tatu. Wenzangu wananitania, wananiita kiziwi. Masikio yangu ni mazima kabisa.

Jina la zamani silikumbuki. La baba silikumbuki, la mama silikumbuki, wala la kijiji. Nakumbuka mto mpana, na mkono wa mtu ulionuka samaki wa kukaushwa. Basi. Sasa wafu wa kutaja mlangoni niwatoe wapi? Nilifikiria kutaja wazee wa bwana, nikaona haya. Hao si wangu.

"Taja, baba! Mutoto iko nalegea!"

Mama mkwe alikuwa amekasirika. Zaina, mke wangu, alikuwa analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikatunga. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyofanya. Nilifungua mdomo, nikatoa jina la kwanza lililokuja. Nikasema, "Lokombe. Ni baba yangu, alikufa zamani."

Mara nikamsikia Zaina anacheka na kulia kwa pamoja, na mama mkwe akapiga kigelegele mpaka mbuzi akashtuka kambani. Mtoto amenyonya! Amenyonya la kulia, akahamia la kushoto, akalala, akaamka, akanyonya tena. Alhamdulillahi, Alhamdulillahi. Nimesujudu kwenye vumbi bila kujali kanzu.

Halafu mama mkwe akatoka nje, uso unang'aa, akasema neno lililonikosesha raha tangu hapo.

"Kumbe weye iko mutu wa ng'ambo ya muto Lualaba. Hile jina ni ya kule. Sababu gani haukutuambia?"

Nilidhani nimelitunga. Nimejaribu kukumbuka barua zote nilizowahi kuandika, na wote humo ni kina Salimu na kina Rashidi. Hakuna Lokombe hata mmoja. Sasa uongo wangu umepataje kuwa na kwao?

Nikinyamaza, mwanangu atabeba babu wa kubuni maisha yake yote. Nikisema, mama mkwe ataona nimechezea wafu, na labda atataka kuanza upya, na mtoto je? Akikataa tena? Nimezunguka hapo kama punda wa kusaga, sipati pa kutokea.

Nilikuwa nimefika sentensi hiyo, kalamu mkononi, Zaina akawa anambembeleza mtoto ndani. Akaita, polepole, kwa kuvuta: "Lokombe! Wee Lokombe!"

Nikaitika.

Mara ya kwanza, bila kufikiri. Na si ile "labeka" ninayomwitikia bwana. Niliitika "Eee!", kama mtoto anayeitwa kula. Nilikuwa nimekwisha simama, na wino umenimwagikia mguuni.

Mama mkwe akachungulia mlangoni. Akanitazama, akautazama ule wino. Akarudi ndani.

Mwandiko umeharibika, bwana atanunua karatasi nyingine. Mtoto ananyonya, nasikia anavyomeza. Jina hilo simnyang'anyi, liwalo na liwe. Lakini kesho, kabla mwalimu hajafika, nitamwambia mama mkwe kweli: sikumtaja baba yangu. Nilimtaja mtoto mmoja wa ng'ambo ya mto, aliyechukuliwa, na hakuna mtu aliyemzika.

Ataniuliza, huyo mtoto amekufa au yuko hai?