Piki ya Kiti Kirefu

Beni, Jumapili jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane ikakatika sasa hivi, na uwanja wetu ni tope tupu. Mama anachambua maharagwe mlangoni ili apate mwanga. Mimi nimekaa kitandani na simu, naandika, kwa sababu nikikaa bure nitalia, na nikilia ataniuliza.

Goti langu la kulia limechubuka. Nimemwambia niliteleza.

Sikuteleza.

Tangu juma lililopita natafuta piki, pikipiki ya kwanza maishani mwangu. Nimesoma mpaka chuo, ni karani katika depo la kakao, naandika barua ya Kifaransa ambayo bosi anaitia sahihi bila kuisoma, lakini kabla ya hapo sikuwahi kuendesha chochote chenye magurudumu. Hata baiskeli. Nikiwa nyuma ya mwenye taksi-piki nafumba macho kwenye kona. Sasa mimi ndiye ninayetaka kushika usukani, tena katika mji huu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Butembo. Paluku, mtoto wa mjomba wangu, anaendesha taksi-piki kule na ndiye anayenifundisha. Alinizungusha mtaa wa Kimemi, duka kwa duka, mahali piki zinapotolewa kwenye makasha zikiwa vipande vipande, na mafundi wanazifunga barabarani huku wakipiga kelele. Zilikuwa nzuri. Nyekundu, nyeusi, nailoni bado juu ya taa. Wauzaji walinieleza habari za nguvu ya injini, mafuta kidogo, vipuri vinavyopatikana kila pembe. Niliitikia kwa heshima. Mimi nilikuwa na maswali mawili tu. Je, inawaka mara ya kwanza? Na kiti chake ni kirefu kiasi gani?

Muuzaji mmoja alicheka. "Mademoiselle, unachagua piki ao kitanda?"

Nikapima kiti kilichofuata kwa shibiri.

Ni kwa sababu ya Mama. Kiuno chake kimeharibika. Anatembea kutoka nyumbani hadi kwenye bomba la maji, anapumzika, anarudi, anapumzika tena. Zamani alikimbia vita kutoka Vuhovi hadi Butembo, mimi nikiwa mgongoni, nimefungwa kwa kitenge. Hunisimulia jambo hilo kama mtu anayesimulia safari ya kwenda sokoni. Anasema nililala njia nzima. Leo kama ni kukimbia, yeye ndiye wa kubebwa, na mgongo wangu haumwezi. Kwa hiyo piki. Kwa hiyo kiti kirefu.

Mara ya mwisho mtaa wetu ulipohama usiku, risasi za waasi zilisikika upande wa chini na watu wote walitoka. Piki zilitupita zikiwa na watu wanne, watano, magodoro juu. Hakuna iliyosimama, na siwalaumu. Mama aliniambia, "Tangulia, mwana. Mie ninakuja." Sikutangulia. Tulitembea kwa mwendo wake mpaka parokiani, tukafika wa mwisho, na asubuhi majirani walinisifu. Kavira ni mtoto wa kweli, walisema. Kavira hakumuacha mama yake.

Niliishi na sifa hiyo kwa miezi. Ilinipa joto. Kila nilipojiona mwoga, kazini, kanisani, barabarani, nilijiambia: lakini usiku ule ulibaki.

Leo asubuhi, baada ya misa ya kwanza, Paluku alifika kutoka Butembo tukaenda kwa Papa Salumu. Ni mzee Mwislamu anayeuza piki zilizokwisha kutumika, amezipanga chini ya bati nyuma ya nyumba yake. Nilizikagua kama ninavyokagua magunia ya kakao, moja moja, nikinusa. Ya tatu ilikuwa nyekundu iliyopauka, ya Kihindi, na kiti chake kilifika mpaka juu ya taa ya nyuma, kisha chuma cha kubebea mizigo. Papa Salumu aliipiga teke moja la kuwashia. Ikawaka.

"Binti, hii imebeba watu wane na mbuzi. Haikulalamika."

"Na mbuzi?" Paluku akauliza.

"Mbuzi njo alilalamika."

Nilicheka kweli. Nataka kukumbuka kwamba leo nilicheka.

Papa Salumu akaturuhusu kuijaribu. Paluku alitoa kitenge kwenye mfuko wake, kile anachowafunikia abiria wakati wa mvua, akajifunga kichwani, akaketi nyuma yangu kama wanawake wanavyoketi, miguu upande mmoja. "Leo mie ni mama yako," alisema. Kisha akaanza kuiga sauti ya Mama, vizuri mno: "Pole pole, mwana! Kiuno! Kiuno yangu, eh Bwana!" Watu barabarani walisimama kutazama. Mwanamke kwenye usukani, na mwanaume mwenye ndevu amejifunga kitenge nyuma yake akiugua kiuno. Tulikuwa sinema.

Nilikwenda vizuri. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Gia ya kwanza, ya pili, mkono wa kushoto ukiachia klachi taratibu kama nilivyofundishwa. Tulipita nyumba za mwisho za mtaa, upande wa barabara inayokwenda Mbau, kisha njia ikaanza kuteremka kuelekea kisoko kidogo cha mboga. Piki ikashika kasi yenyewe. Na hapo akili yangu yote niliyosomeshwa ikaondoka. Nilisahau breki ya mguu. Nilisahau breki ya mkono. Nikafanya kama mtu anayezima redio: nikageuza ufunguo.

"Unazima nini?" Paluku alipiga kelele. "Rudisha! Rudisha ufunguo!"

Nikarudisha.

Kila kijana wa Butembo anajua kinachofuata. Kwenye arusi wanafanya makusudi: unazima ufunguo piki ikiwa inateremka, mafuta yanajaa kwenye bomba la moshi, unawasha, bomba linalipuka kama bunduki. Watu wanapiga vigelegele. Huku kwetu, upande huu wa Beni, hakuna mwenye akili anayethubutu.

Ililipuka mara mbili.

Sikumbuki kuiachia piki. Nakumbuka mbio. Nilipita katikati ya meza za nyanya, nikaruka mfereji, nikakata shamba la mtu la maharagwe, nikaingia nyuma ya nyumba, ndani ya choo cha miti. Goti langu lilichubuka kwenye mlango wake. Nilichuchumaa mle ndani. Mikono yangu, ile ile iliyogeuza ufunguo, ilikuwa imefunika kichwa changu.

Nilikimbia piki niliyokuwa naiendesha mwenyewe. Hilo ningeweza kulicheka siku moja.

Lakini kuna lingine, na ndilo linalonifanya niandike. Kutoka mle chooni nilisikia Paluku akiniita. "Kavira! Kavira, njoo! Ni piki tu!" Maneno ya mwisho hayakuingia. Nilisikia jina langu tu, na sauti ya mtu aliyeanguka. Nami sikuitika. Nilizuia pumzi. Niliwaza, kwa utulivu kabisa, kwa akili ile ile inayohesabu magunia: nikiitika waasi watanisikia.

Niliwaza: bora wabaki naye.

Nimeliandika. Sasa lipo.

Niliporudi, soko lilikuwa tupu. Nyanya zilikuwa zimetapakaa chini. Piki imelala ubavu, injini imezimika, na Paluku ameketi kando yake na kitenge kichwani, anajisugua mguu uliokuwa umebanwa chini. Alikuwa anacheka mpaka akaniona uso. Akaacha.

Kisha watu wakaanza kutoka nyuma ya nyumba, mmoja mmoja, wakipangusa majani. Walianza kunitukana, na matusi yao yalikuwa haki.

"We mama-dereva! Unataka tufe na presha?"

"Njo nani alikufundisha? Shetani?"

"Na huyu mwenye ndevu ni bwana ao ni mama-mukwe?"

Wakacheka. Hapa watu wanacheka haraka baada ya kukimbia. Nadhani mwili unataka hivyo. Niliokota nyanya pamoja nao, nikaomba radhi kwa kila meza. Kwenye meza ya mwisho mwanamke anayeuza mandazi alirudi akihema, ameshika karai lake la mafuta kwa mikono miwili. Alikimbia nalo. Akaliweka chini, akainama chini ya meza yake, akavuta pembe ya shuka. Mtoto alikuwa pale, wa miezi michache, amelala bado.

Alimtazama sana. Kisha akanitazama mimi, na nikasubiri anipige.

"Unaona?" alisema polepole. "Mie pia."

Akakaa chini kwenye udongo na mtoto wake. Mimi nikaenda kuinua piki pamoja na Paluku.

Njiani Paluku alijaribu kuniponya. "Kila mutu anakimbiaka, dada. Hata mie ningekimbia, lakini mguu ilikuwa chini ya piki." Ni mtu mwema. Hajui kwamba nilimsikia akiniita, wala sijamwambia. Amesharudi Butembo anachechemea, na kwa mjomba atasema ni yeye aliyeangusha piki.

Papa Salumu alikagua mkwaruzo kwenye kioo, akatikisa kichwa, hakukasirika. Kelele zilikuwa zimemfikia. Akanionyesha nyingine pembeni, ndogo, nyepesi, kiti kifupi. "Kwa mwenye kujifunza, chukua ile. Ni ya mutu mumoja. Hata ikianguka utaiinua mwenyewe."

Ya mtu mmoja.

Alisema kwa huruma, kama daktari. Nilitaka ardhi inimeze.

Mchana wote nimeuwaza ule usiku wa parokiani, ule wa sifa. Na leo nimekumbuka kitu ambacho sikuwahi kukikumbuka, au sikutaka. Mama alisema tangulia, ndiyo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa sweta langu. Aliushika njia nzima. Asubuhi ulikuwa umelegea, umening'inia, nikaushona. Nilidhani nilibaki. Labda nilishikwa tu.

Angeniachia, ningekuwa wapi?

Sijui mtu anajifunzaje hili. Breki unafundishwa. Gia unafundishwa. Paluku anaweza kunizungusha uwanjani mpaka Noeli, niwashe piki nimefumba macho, na siku hiyo ikifika mguu wangu utachagua wenyewe kabla sijaulizwa. Ninamwogopa mtu yule wa chooni. Anakaa nami humu chumbani. Anakula maharagwe ya Mama.

Papa Salumu ananingoja kesho, baada ya kazi, nimwambie ipi.

Sasa hivi Mama ameniita bila kuinua macho kwenye ungo.

"Piki uliiona?"

"Niliona moja."

"Na mie nitaikaa wapi?"

"Nyuma yangu. Kiti yake ni ndefu."

"Nitaanguka, Kavira. Kiuno hii haishikilie kitu."

"Nitakufunga na kitenge. Weye na mie, pamoja. Mafundo mbili."

Amecheka mpaka maharagwe yamemwagika. "Kama mutoto?"

"Kama mutoto, Mama."

Ameinuka kwa kujishika ukutani, akaingia, akafungua sanduku, akaanza kutafuta kitenge kilicho imara. Anakivuta kila kimoja kwa mikono miwili kuona kama kitachanika. Amefurahi. Anadhani namfunga ili asianguke.

Fundo lile si lake. Ni langu.